Umande wa Mininga Mitatu

Shamba la tumbaku la Mininga Mitatu, Urambo

9 Januari 1972, Jumapili

Wageni wetu wameondoka leo kurudi Puge. Harusi ya mdogo wangu Pelagia imepangwa baada ya Pasaka. Mama yake Hilari, huyo bwana arusi mtarajiwa, ni mwanamke wa sala nyingi na maneno machache. Alikagua sufuria zetu, akazikagua kucha za Pelagia zilizoganda gundi ya tumbaku, akaguna. Nilitaka kumwambia, mama, kucha hizo ndizo zinazotupa chumba hiki cha kambi, maana kambini hapa asiye na kibarua shambani hana pa kulala. Mama yetu akanikanyaga mguu. Nikanyamaza, na kunyamaza si kazi yangu.

12 Januari

Mvua tu.

14 Januari

Meneja mpya kafika kutoka Dar es Salaam, Ndugu Shaban. Shati jeupe, kofia ya ukindu, hotuba ndefu. Shamba ni mali ya umma, umma ni sisi, kwa hiyo tukizembea tunajiibia wenyewe. Makofi. Jani limeiva chini, kuchuma kunaanza Jumatatu na kengele italia alfajiri. Mama Ng'washi, aliyekaa kando yangu akinusa ugoro wake, akauliza kwa sauti kama na yeye meneja ni umma, na kama ataamka alfajiri. Watu wakacheka. Nyapara Raymundi akamkata jicho.

17 Januari

Kuchuma kumeanza. Mimi kazi yangu ni kuchambua jani likishakaushwa, kwa hiyo mpaka Aprili niko nyumbani na Mama na mgongo wake mbovu. Pelagia karudi amelowa chapachapa. Majani yanabebwa kwapani, na asubuhi yote yamejaa maji. Nikamwambia ananuka kama kiko cha mzee. Tukacheka.

20 Januari

Pelagia katapika.

21 Januari

Katapika tena. Ugali hautaki, hata harufu ya dagaa inamkera. Kichwa kinamzunguka. Nimemtazama, nikahesabu mambo yangu kimoyomoyo. Hilari alikuja Krismasi.

24 Januari

Nimemuuliza mbele ya Mama. "Pelagia, una mimba?"

Aliacha kukoroga uji. "Dada, na wewe?"

"Nakuuliza tu."

"Sina. Sijawahi kulala na mwanamume yeyote. Unataka niape kwa nani?"

Mama akasema yamekwisha, mtoto amejibu. Lakini mimi sikuridhika. Mtu mzima hatapiki asubuhi tatu bila sababu. Nilimwambia kama kuna jambo aseme mapema tujue la kufanya, akachukua ndoo akatoka. Kisima kiko karibu lakini alikaa huko hadi giza likaingia.

26 Januari

Kafukuzwa kazi! Nyapara Raymundi alimwona akitapika kando ya mstari akampeleka ofisini. Hapa kibarua mwenye mimba anaondolewa mapema, kabla tumbo halijaonekana na kabla hajafikiria kuomba likizo. Haulizwi, hapimwi. Mganga wa zahanati naye ana dawa mbili za kutapika, kwinini kama ni malaria, na hongera kama si malaria. Pelagia alimwambia Raymundi hana mimba. Akajibiwa kwamba wote husema hivyo.

Tumepewa mpaka mwisho wa mwezi tutoe mtu mwingine wa kuchuma au tuhame.

30 Januari

Ngollo, binamu yake Hilari anayefanya kazi kwenye mabani ya kukaushia, karudi kutoka Puge. Habari ilimtangulia, au aliibeba mwenyewe, sijui. Wakwe wanasema mambo yasimame kwanza. Hakuna aliyesema yamevunjika. Yasimame. Mama kalala bila kula. Pelagia anafua nguo zetu zote, hata zilizo safi.

31 Januari

Nimechukua mstari wa Pelagia. Kengele, giza, matope. Unainama, unavunja jani la chini, unabana kwapani, unavunja jingine. Maji yanachuruzika ubavuni mpaka kiunoni. Nyuma yangu Mama Ng'washi anaimba. Nikirudi kesho nitawaomba radhi wachumaji wote ambao kwa miaka mitatu nimewaita watu wa matope.

2 Februari

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika lakini kila jani lilikuwa limebeba maji. Jua lilipopanda kidogo nikasikia mate yanajaa mdomoni. Nikameza. Kichwa kikawa chepesi, ardhi ikaenda upande. Nikajiambia ni njaa. Nikafika mwisho wa mstari, nikashika mti wa mninga ulio pale, nikatapika uji, nikatapika maji, nikatapika kitu cha kijani kichungu ambacho sikujua kama ninacho. Mikono inatetemeka. Jasho la baridi.

Mimi! Mimi ambaye hakuna mwanamume aliyenisogelea tangu marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, na huu ni mwaka wa pili!

Mama Ng'washi akanisimamia mbele kwa upana wake wote ili Raymundi asinione. "Tapika, mwanangu, tapika. Nitasema umekwenda kujisaidia."

"Mama Ng'washi, mimi sina mimba."

"Najua. Ni nani asiyejua? Wachumaji wageni wote hutapika."

"Kwa nini hamkusema?"

"Tumwambie nani? Tunajificha, tunaendelea. Anayeonwa ndiye anayekwenda."

Niliporudi nyumbani Pelagia alikuwa amepiga magoti akipuliza moto. Nikakaa chini kwenye majivu na nguo yangu ya matope. Nikamwambia nimetapika shambani. Nikamwambia nilimdhania vibaya, mimi dada yake wa tumbo moja, na kwamba naona haya hata kumtazama. Aliendelea kupuliza moto. Baadaye akanipa maji ya ndimu, akasema, "Kesho usinywe uji kabla ya kwenda. Kutapika bila kitu ni nafuu." Akaenda kulala. Nimelia sana.

3 Februari

Jua kali tangu alfajiri. Hakuna aliyetapika.

5 Februari

Umande mzito. Watatu wametapika, mmoja wao mwanamume. Mwanamume akitapika Raymundi anasema ni pombe.

6 Februari, Jumapili

Nimewauliza wachumaji mmoja mmoja baada ya misa, na wale Waislamu niliwafuata majumbani. Siku ya jua watu ni wazima. Siku ya umande na mvua watu wagonjwa. Mama Ng'washi haugui, na Raymundi alichuma miaka mingi hakuugua. Mmoja ananusa ugoro tangu usichana, mwingine sigara haimtoki mdomoni. Miili yao imeshazoea. Nadhani ile sumu ya tumbaku inatoka na maji, inapita kwenye ngozi. Sina cheti cha udaktari. Lakini nina kwapa.

8 Februari

Nimekwenda kwenye kamati ya wafanyakazi. Mwenyekiti ni Mussa, dereva wa trekta, mtu mwema ila mwoga wa kivuli chake. Nikasimama nikaeleza. Tunataka tuchume umande ukishakauka, tupate maji na sabuni karibu na mabani, na waliofukuzwa kwa kutapika warudi. Wanaume wakaanza kutazamana, mmoja akakohoa, wengine wakacheka chinichini.

"Dada Leonia," Mussa akasema, "mambo ya akina mama hatuwezi kuyapeleka kwa meneja. Ni aibu."

"Mwongozo wa chama umesema kiongozi asimnyanyase mfanyakazi."

"Mwongozo haukutaja matapishi."

Nikamwambia siku atakapotapika yeye tutaitisha mkutano wa dharura. Nilikosea, maana ndipo mlango ulipofungwa kabisa. Mdomo wangu huu.

10 Februari

Umande.

11 Februari

Umande. Nimetapika, sikuonwa.

16 Februari, Jumatano ya Majivu

Wamemfukuza Flavia kwa kutapika, msichana wa Goweko aliyekuwa akifunga majani vijitini vizuri kuliko sote. Kaondoka na majivu yake kwenye paji la uso. Hakulia hata kidogo, alikuwa amekasirika. Nikamfuata meneja ofisini bila ruhusa. Ndugu Shaban alinisikiliza akiwa amesimama. Akasema yeye anategemea taarifa za nyapara, na kwamba kengele ikichelewa jani litaivia na kuharibikia shambani na shamba la umma litapata hasara. Si mtu mbaya. Ni mtu ambaye hajawahi kulowa, basi.

20 Februari, Jumapili

Leo ningeweza kuruka juu!

Tulikuwa bombani, mimi na Mama Ng'washi. Mke wa meneja, Bibi Zamda, akaja na ndoo yake. Ni mtu wa watu, yule. Tukasalimiana, tukauliza habari za nyumbani kwao, akasema wao ni Wazaramo wa Kisarawe, yeye na mumewe wote. Ndoo ya Mama Ng'washi ikaanguka.

"Mzaramo? Meneja ni Mzaramo? Na mwezi mzima tunamwamkia kwa adabu?"

Bibi Zamda akafungua kinywa, kisha akajipiga kofi pajani. "Haki ya Mungu, ninyi Wanyamwezi ni watani wetu! Bwana yule alisahau kabisa. Ukiajiriwa na serikali unasahau hata babu zako."

Utani huu ni wa tangu enzi za misafara. Babu zetu walibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani, wakapita Uzaramo, wakatukanana na kuzikana mpaka ikawa undugu. Mtani wako akikunyang'anya kuku huna pa kushtaki. Akikutukana unacheka, na ukikasirika ndipo unapokuwa na kosa.

Usiku mzima, sijui kwa nini, sina usingizi na sina huzuni.

22 Februari

Mama Ng'washi kamvua meneja kofia mbele ya watu wote, akaivaa. Mussa alitaka kujificha nyuma ya trekta. "Mzaramo," akasema, "babu yako alilala na deni la babu yangu, kofia hii ni riba."

Ndugu Shaban akasimama kama mti. Kisha uso wote ukafunguka, akacheka kicheko ambacho hatukujua kama anacho. "Loo! Kumbe nimeletwa nchi ya wapagazi wangu! Ndiyo maana kazi haziendi!" Tangu leo ni mtu mwingine. Anatukana, anatukanwa. Raymundi, ambaye ni Muha na hayumo katika utani huu, anatuangalia kama tumerukwa na akili.

25 Februari

Nimepanga jambo na Mama Ng'washi. Sitaliandika mpaka lifanyike.

28 Februari

Limefanyika.

Mvua ilinyesha mpaka kabla ya kengele. Tulipojipanga, meneja akaja kukagua na shati lake jeupe. Mama Ng'washi akamsimamia njiani. "Mtani, babu zetu waliwabebea mizigo mpaka baharini. Leo ni zamu yenu. Ukatae, tukuimbe mpaka Kisarawe wasikie."

Akacheka. "Mzigo gani, mpagazi?"

"Mstari mmoja. Jani kwapani, kama sisi."

Angeweza kukataa. Lakini kambi nzima ilikuwa inamtazama, na mtani hakimbii. Akakunja mikono ya shati. Tukampa mstari kando ya wangu. Mwanzoni alitutukana kwa raha zake, kwamba kazi yenyewe ya watoto. Shati likageuka kijani, kisha kahawia. Nilimwambia akimaliza mstari mmoja inatosha. Akasema Mzaramo hafanyi nusu ya Mnyamwezi, akaingia wa pili. Katikati ya wa tatu utani ukamwisha. Nikamwona anameza mate. Nikaona jasho juu ya mdomo. Nilijua anachokisikia, na nusura nimwambie aache. Sikumwambia.

Akatapika palepale, mbele ya Raymundi, mbele ya Mussa na trekta lake. Mama Ng'washi akapiga kigelegele. "Hongera, mtani! Ya miezi mingapi?" Wanawake wote wakapokea. Hata waliokuwa mbali walikuja kumpongeza, wakamuuliza baba wa mtoto ni nani. Naye amepiga magoti, hana hata nguvu ya kutukana.

Nikachuchumaa karibu naye, nikasema taratibu ili asikie yeye tu. "Ndugu Meneja, shambani hapa anayetapika anafukuzwa kazi. Mdogo wangu alifukuzwa. Flavia alifukuzwa. Na wao walikuwa na kitu hikihiki ulichonacho wewe sasa."

Alinitazama. Macho yalikuwa mekundu. Akatapika tena, na Mussa akamchukua kwa trekta mpaka nyumbani.

29 Februari

Hajatoka ndani. Wanasema anatetemeka na hasemi. Raymundi anapita akisema tumemwekea sumu, na kwamba anakwenda polisi Urambo. Mama yetu anasali rozari ya tatu. Akifa mtu yule mimi ndiye niliyemuua. Pelagia amenishika mkono jioni yote. Ni mara ya kwanza kunigusa tangu Januari.

1 Machi

Bibi Zamda kaja mapema, kajifunga kanga kifuani, nikajua amefiwa. Kumbe ana haraka tu. "Mmempa mume wangu nini?" Nikamwambia umande wa tumbaku. Pelagia akaeleza dawa yetu, maji ya ndimu, uji mwepesi wenye sukari, na kumwogesha kwa sabuni mpaka gundi yote itoke. Hawakuwa wamemwogesha. Alilala na shati lake! Pelagia akaenda naye, akalifua yeye mwenyewe mara tatu.

Jioni meneja amekunywa uji. Nimekula kama fisi.

3 Machi

Mkutano chini ya paa la mabani. Ndugu Shaban amekonda usoni. Alianza kwa hotuba, akaikatiza mwenyewe. Akasema, "Nimekaa kitandani nikifikiria wasichana niliowafukuza bila hata kuwauliza." Akakohoa. "Kuanzia kesho asubuhi ni kupanga kuni za mabani na palizi. Kuchuma ni umande ukishakauka. Siku ya mvua mtavaa vipande vya turubai, nitavitoa ghalani. Maji na sabuni vitawekwa hapa. Waliofukuzwa kwa kutapika warudi."

Mussa akasimama akasema kamati ya wafanyakazi ilikuwa na mawazo hayohayo tangu Februari. Nikamwacha aseme. Naona nakua.

Raymundi aliuliza jani likiivia shambani ni nani atakayejibu. "Mimi," meneja akasema. Lakini Raymundi bado ni nyapara wetu, na simwamini hata kidogo. Flavia hatujui yuko wapi, Goweko wanasema kaenda kwa shangazi yake Tabora. Tumetuma ujumbe kwa watu wawili.

Kisha Mama Ng'washi akadai faini ya mtani, maana mtani aliyeumiza watu lazima alipe. Watu wakataja mbuzi. Mimi nikasema sitaki mbuzi. Nataka aende Puge akaseme kwa kinywa chake.

12 Machi, Jumapili

Puge. Tumekwenda kwa Landrova ya shamba, meneja, Mama Ng'washi na mimi. Tulikwama matopeni njiani, tukafika vumbi na tope pamoja. Pelagia alikataa kuja. Alisema hawezi kwenda kujitetea kwa kosa lisilokuwepo, na alikuwa na haki.

Walituweka kwenye viti, wazee upande mmoja, Hilari amesimama mlangoni hana rangi. Ndugu Shaban akavua kofia. "Wazee wangu, mimi ndiye niliyemfukuza binti yenu kazi, nikasema ana mimba. Nilikosa. Ni ugonjwa wa jani bichi. Mimi mwenyewe nimechuma nikatapika siku mbili. Kama yeye ana mimba, basi na mimi nioeni."

Baba yake Hilari akamkazia macho. "Wewe ni kabila gani?"

"Mzaramo."

"Ah! Mahari ya Mzaramo hatuna, tutakupa bure kwa jirani." Nyumba nzima ikacheka, hata Hilari.

Mama yake hakucheka. Alinigeukia mimi. "Wewe ni dada mtu. Ulilala naye chumba kimoja. Wewe ulisadiki?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kujipamba. Nikatazama mikono yangu. "Ndiyo, mama. Nilisadiki. Nilimuuliza, akakataa, na bado nikasadiki. Mpaka nilipotapika mwenyewe."

Naye akaitazama mikono hiyo hadi watu wakaanza kusogeza viti. Nikajua nimeharibu yote. Kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Mimi sikumuuliza hata hilo," akasema. Akainuka akaingia ndani, na hakutoka kutuaga.

13 Machi

Nimemweleza Pelagia kila neno, hata langu. "Ulisema hivyo mbele yao?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akanisukuma bega, akatabasamu kidogo. Nilipomtaja Hilari akachukua ndoo akatoka.

18 Machi

Flavia karudi! Kaja na mdomo kuliko wangu. Tumepatana mara moja.

22 Machi

Mvua. Turubai zinanuka dizeli, lakini ndani mwili mkavu. Jana na leo wameugua wawili tu, wakapelekwa kuoga, wakapumzika, wakarudi kazini.

25 Machi, Jumamosi

Umande ulikauka mapema, tukaingia shambani jua likiwa zuri. Pelagia alikuwa mstari wa mbele yangu. Nikasikia watu wanaulizana, nikainua kichwa. Mama yake Hilari alikuwa anakuja katikati ya mistari, viatu mkononi, mkoba begani. Kashuka treni Urambo, kaja kwa miguu. Nyuma yake Hilari na mfuko wa mchele.

Pelagia alimwamkia, "Shikamoo," akarudi kuinama. Hakuacha kazi.

Mama yule hakuomba kiti. Aliweka mkoba chini, akajifunga kanga kiunoni, akaingia mstari wa pili kando yake, akaanza kuvunja majani. Alivunja ya juu, ya katikati, machanga na mabichi, akiyabana kwapani kama alivyoona tunafanya. Raymundi akataka kuja kumzuia, Mama Ng'washi akamshika shati. Walikwenda hivyo, wawili, karibu nusu ya mstari. Machozi yalikuwa yanamtiririka mama yule na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Pelagia akanyoosha mgongo. Akamtazama. Akavuka kwenye mstari wake, akamshika kifundo cha mkono na kukishusha.

"Anza ya chini, mama," akasema. "Hayo ya juu bado."

Wakamaliza mstari pamoja, Hilari akibeba majani nyuma yao.

Harusi ni Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Raymundi ametuomba wachumaji tusiondoke wote siku hiyo. Tutaondoka wote.